Wijeti Iliyojua Kubembeleza

Spidi hajawahi kuwahi popote isipokuwa penye upenyo wa kula. Siku hiyo alikuwa amepeleka kochi la mke wake kwa Tajiri wa Samani, kochi lililovunjika mguu kabla halijamaliza mwezi, akakuta foleni ya wenye misiba kama wake imefika barabarani. Wasichana watatu wa mapokezi walikuwa wanatukanwa kwa zamu. Tajiri mwenyewe alikuwa amejibanza nyuma ya kabati la milango minne. Lilikuwa kabati la kuuza, lakini kwa saa hiyo lilikuwa ngome.

Spidi akasahau kochi. Akalizunguka kabati, akanong'ona, "Mzee, hawa hawataki makochi. Wanataka kusikilizwa. Nikujengee tovuti."

"Tovuti ninayo."

"Ile? Nimeifungua, nimemaliza chai nzima bado inazunguka. Mimi nasema lango la wateja, linafunguka kufumba na kufumbua, hata mji mzima ukiingia kwa mpigo. Tena ndani yake kuna wijeti."

"Wijeti ndiyo nini?"

"Kidirisha pembeni ya ukurasa. Mteja analalamika, kompyuta inambembeleza. Yenyewe! Haiumwi, haichelewi, haiombi likizo."

Tajiri akawachungulia wasichana wake kwa jicho la fundi anayepima pa kupitisha msumeno. "Na mshahara?"

"Mshahara wa nini, mzee? Ni umeme tu."

Wakashikana mikono pale pale. Maendeleo makubwa huamuliwa hivyo: watu wawili, nyuma ya kabati.

Tatizo ni kwamba Spidi hakujua kujenga hata ukurasa mmoja. Aliyejua ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, aliyekuwa akitengeneza tovuti za watu kwenye meza ya jikoni, kimya kimya, bila makeke.

"Tovuti nitaijenga," shemeji alimwambia. "Picha nitazipunguza uzito, ifunguke hata kwenye simu mbovu. Nitaiweka kwenye seva za kukodi, wateja wakiongezeka na zenyewe zinaongezwa. Lakini kompyuta ya kubembeleza watu sina, shemeji."

"Ya nini? Siku ya maonyesho utakaa chumba cha pili, majibu unaandika wewe. Akishasaini, mengine tutayajulia mbele ya safari."

"Mkataba kwa jina la nani?"

Spidi akakohoa. Jina lake mjini lilikuwa limechafuka mpaka kwa washona viatu. "Andikisha kampuni kwa jina lako. Sisi si familia?"

"Ni familia," shemeji akaitikia, akaenda kuandikisha.

Siku ya maonyesho Tajiri aliwajaza mameneja wake wote ofisini, juu ya duka. Akaanza yeye, akiandika kwa kidole kimoja: "Kitanda chenu kimenivunjikia." Kidirisha kikajibu papo hapo: "Pole sana. Umeumia? Ulikuwa peke yako?"

Mameneja wakaangua kicheko. Lakini Tajiri hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukigongagonga. "Wote toeni simu!" akaamuru. "Lalamikeni kwa mpigo!"

Jasho jembamba likamtoka Spidi. Simu zilikuwa ishirini, na shemeji alikuwa mmoja. Akaanza kusogea mlangoni, kinyumenyume, huku anatabasamu. Ndipo majibu yakamiminika. Huyu aliombwa radhi, yule akaahidiwa fundi, na meneja wa ghala, aliyetukana, akaambiwa avute pumzi kwanza ndipo aendelee. Tajiri alilengwalengwa na machozi.

"Kitu hiki kina utu kuliko wafanyakazi wangu!"

Akasaini mkataba wa miaka mitatu. Kwa kalamu ile ile akasaini na barua za kuwaachisha kazi wasichana wa mapokezi.

Spidi akachomoka mbio kwenda chumba cha pili kupongeza. Akakuta wanawake wanne. Mmoja alikuwa shemeji yake; watatu walikuwa wale wa mapokezi, wamevua viatu, simu mikononi.

"Shemeji, hawa vipi?"

"Wafanyakazi wangu. Kuna anayejua malalamiko ya makochi kuwashinda?"

Mmoja wao akadakia, "Tulikusikia siku ile, kaka. Mbao za lile kabati nyembamba kama karatasi. Tukamtafuta shemeji yako."

"Vizuri, vizuri. Sasa fungu langu..."

"Fungu gani?" shemeji akauliza kwa upole. "Kampuni yangu, tovuti nimejenga mimi, mkataba nimeuandika mimi. Umeandikwa 'huduma ya majibu ya haraka'. Haukutaja mashine mahali popote."

"Nitamwambia Tajiri ukweli!"

"Mwambie. Yale ya umeme tu ulimwambia wewe, si mimi."

Spidi akatoka kwa hasira, akagongana na Tajiri koridoni. "Fundi wangu! Uso umekubadilika, kuna neno?"

Spidi akafungua mdomo. Nyuma ya Tajiri walisimama mameneja ishirini, na meneja wa ghala alikuwa mpana kama jokofu.

"Nilitaka kusema... asante kwa kutuamini, mzee."

"Basi nifae. Wasichana nimeshawaondoa, na watu bado hawajaizoea hiyo tovuti yenu. Kanishikie mapokezi leo. Mtu wa kompyuta kama wewe, utashindwa nini?"

Spidi akashuka, akaketi. Mteja wa kwanza alikuwa ameshika mguu wa meza mkononi, na hakuwa ameuleta kwa fundi.