Tezo ya Barka na Uwakala wa Tatu

Jumatatu, 3 Februari 2025. Amu, Lamu.

Leo ni miaka arobaini na mmoja tangu nitoke kwetu Mbwajumali, kisiwani Pate, kwa safari ya siku tatu. Boti huenda na kurudi kila siku. Mimi bado niko safarini.

Habari njema! Kampuni ya Mombasa imenipa uwakala wa tatu wa kutembeza vifaa vya ufundi. Wa kwanza ni punda wa mjini, chini ya Bwana Famau, mwashi mstaafu. Wa pili ni mashua ya Matondoni. Wa tatu ni kisiwa kizima cha Pate, kwa pikipiki. Sharti: nianze kuuza huko kabla ya Jumatatu ijayo. Nikishindwa, anapewa Bwana Hamdun, mwenye duka la vifaa hapa usitani, njia kuu ya mji. Hamdun ameniuliza mbele ya watu kama punda wangu hutoa risiti.

Jumanne, 4 Februari.

Punda amerudi na shogi tupu mgongoni. Nikashukuru mapema mno. Famau hakuuza hata patasi. Amewaazima watu kila kitu! Nilipomgombeza alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Bwana Mahmud, jirani aomba nyundo, nimnyime?"

Nimetoa amri ya maandishi kwa njia zote tatu: kilichomo ndani kinauzwa. Hakiazimwi, hakitolewi bure, hata mwombaji awe nani. Nimeipiga muhuri. Famau ameazima kalamu yangu kutia sahihi. Ameondoka nayo.

Alhamisi, 6 Februari.

Nani aende Pate? Mke wangu, Bi Nana, asema mimi. Haiwezekani, na sababu anaijua.

Mwaka 1984 niliazima kwa rafiki yangu wa Mbwajumali, Barka, tezo ya kuchongea ya marehemu babake, nije nayo Amu kwa kazi ndogo ya mbao. Siku ya pili ikagonga msumari, bapa likamegeka. Nikasema sirudi mpaka mhunzi aitengeneze. Mhunzi alimaliza 1988. Mtu akichelewa wiki moja, ana la kueleza. Akichelewa miaka minne, aanze wapi? Basi nimeipaka mafuta kila Ijumaa hadi leo. Hakuna tezo iliyotunzwa hivi pwani nzima.

Ataenda Razan, binti wa dada yangu. Aendesha pikipiki vizuri, na amri huzisoma. Hapo likanijia wazo! Tezo nitaificha sandukuni, chini ya bidhaa. Gatini nitamnong'oneza aiweke mlangoni kwa Barka watu wakiwa msikitini, aondoke bila neno. Miaka arobaini na mmoja itafungwa kwa dakika moja.

Jumamosi, 8 Februari.

Hamdun alikuwa gatini, eti apokea saruji. Saruji gani ile isiyofika? Alisimama karibu yangu kama shahidi wa ndoa. Nimnong'oneze Razan mbele yake? Mji mzima ungejua kabla ya adhuhuri. Nikapaza sauti kama mfanyabiashara: uza kila kitu! Razan akajibu, "Amri yako naijua kwa moyo, mjomba."

Boti ilipokwisha ondoka nikakumbuka kwamba tezo nayo ni kitu. Nimepiga simu mara kumi na moja. Haishiki.

Jumatatu, 10 Februari.

Razan amerudi. Sanduku tupu, tupu kwelikweli, na karatasi mbili za maagizo mapya. Uwakala ni wangu! Hamdun amepita na kuchungulia sandukuni mara mbili.

Na tezo? Ameiuza. Kwa nani? Kwa mzee mrefu aitwaye Barka.

Niliomba maji. Razan akasimulia. Mzee aligeuza mpini, akaona alama ya babake, akauliza biashara hii ni ya nani. Akaomba apewe tezo, kwani ni yake. Razan akamsomea amri yangu, pamoja na muhuri. Basi yule mzee akacheka mpaka akashika pikipiki asianguke. Akalipa bei kamili. Kisha akaingia ndani, akatoka na randa.

"Mpe Mahmud," alisema. "Hii namwazima. Airegeshe kwa mkono wake. Ndia aiyua." Njia naijua, kweli.

Nimekaa na randa hiyo mapajani tangu alasiri. Mpini wake umelainika kwa viganja vya watu ninaowajua. Barka hana kinyongo. Kumbe hakuwa nacho.

Nimeijaribu kwenye mlango wa chumbani, unaokwama tangu masika. Sasa unafungika. Kesho nitajaribu madirisha. Nimeandika pia kuomba uwakala wa nne, wa Kiunga, ambako kuna bwana mmoja ambaye keekee yake ya kutobolea mbao iko kwangu tangu 1986.

Bi Nana ameshapiga pasi kanzu yangu ya safari. Nimemwambia airudishe kabatini. Randa itakwenda Jumamosi, sandukuni chini ya bidhaa, na Razan nitamnong'oneza gatini.

Mbwajumali sirudi.