Namba Saba ya Injini

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi klabu yetu ya roketi ndogo inashindana: roketi ya nani itapaa juu zaidi? Miaka mitatu mfululizo ameshinda Lorna Unruh, mkutubi mstaafu. Mwaka huu hapana! Nimechungulia injini yake: C6-5. Yangu C6-7. Namzidi mbili!

Alhamisi, 6 Juni
Bwana Thiessen, msimamizi wa usalama, kapita kukagua. Akauliza kama naijua maana ya namba ya mwisho. Nikasema tangu zamani. Akaeleza vilevile: ni sekunde za kungoja, tangu injini iishiwe nguvu hadi parachuti ifunguke. Roketi nzito hutaka chache. Nikaitikia kwa kichwa, makopo ya rangi nimeyasukumia chini ya meza kwa mguu. Roketi yangu nimeipaka mara nne ing'ae. Nzito kama jiwe la kusagia!

Jumamosi, 8 Juni
Ole wangu! Nabonyeza kitufe, injini haiwaki. Nikatoka mbio kuitazama. Thiessen akafoka: "We Wendell! Rudi hapa! Chomoa ufunguo wa kuwashia, ngoja dakika nzima! Unataka kuungua uso?" Uwanja mzima ukanitumbulia macho. Dakika ndefu kuliko ndoa yangu. Tukabadilisha waya wa kuwashia. Ikaruka! Nikashangilia kama mwendawazimu. Mara ikapinda, ikashuka pua chini. Parachuti hakuna. Nahesabu: nne, tano... "Lorna, kimbia!" Akachupa kitini, juisi ya limau ikamwagika. Roketi ikajikita ardhini, hatua moja tu kutoka kwenye kiti chake. Sita, saba. Kisha, pu! Parachuti ikachomoza majanini, nyekundu, safi kabisa. Lorna akasema, "Haya, angalau imefunguka, ndugu yangu." Watu wakacheka. Mimi nikaenda kutapika nyuma ya gari.

Jumapili, 9 Juni
Klabu imenifungia mwezi mzima. Nimempigia Lorna kumwomba radhi. Nikamwambia somo limeniingia: namba ndogo ndiyo salama, kwa hiyo nachukua C6-0. Akapiga ukelele. Eti ya sifuri haifungui parachuti kabisa, kazi yake ni kuisukuma tu roketi ya ngazi mbili, ile yenye injini ya pili juu yake!

Maskini Lorna. Kumbe naye anaogopa kushindwa. Nimeagiza paketi mbili za C6-0.