Mpango wa Kuwamalizia Bakteria Sumu Yao

Jumatatu, 3 Machi
Fundi cherehani anaharisha tangu jana. Anasema ni chaza wangu. Anasema kwa sauti, mbele ya wateja, kashika tumbo kama mjamzito. Uzushi mtupu! Nawauza wabichi, ndimu juu, na ndimu inaua kila kitu. Lakini Bwana Afya kasikia. Kaja, kanusa ndoo, kakunja pua. Ijumaa atachukua chaza wa kupimwa. Wakikutwa na bakteria wabaya, banda langu linafungwa na nafasi anapewa jirani.

Jirani ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Sufuria, maana hakuna kiumbe wa baharini ambaye hajamchemsha. Alikuwa kasimama palepale, anafuta mikono, anatabasamu. Mke wangu akaniuliza kwa nini na mimi nisichemshe. Nichemshe? Nimwige Sufuria? Bora nife!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda maabara kwa mpwa wangu, binti wa dada, ndiye mpimaji wa Bwana Afya. Nilitaka anifichie aibu. Kakataa katakata. Lakini nimerudi kichwa kinawaka kwa niliyoyasikia.

Kumbe bakteria hawa ni wenyeji wa bahari! Chumvi ndiyo raha yao. (Na asubuhi nilikuwa nimeshawamiminia pakiti nzima ya chumvi ili wafe. Nimewaandalia karamu.) Chaza huchuja maji kutwa, anawakusanya bila kujua. Wengi ni wapole, wala hawana habari na mtu. Wachache ndio wenye silaha. Nikauliza silaha gani. Akacheka, akasema mjomba, kaa kwanza.

Wana mkia wa kuogelea. Wana vinyweleo vya kung'ang'ania utumbo. Halafu, salaale, wana sindano! Sindano ya kweli, imetoka mwilini mwao, wanaipiga seli yako sumu. Sumu nyingine inatoboa seli matundu, maji yanavuja, na fundi cherehani anatafuta choo. Alinionyesha kisahani chenye damu. Wapole wamekaa tu. Wabaya wameila damu mpaka limebaki duara jeupe pembeni yao. Nilikodoa macho mpaka mpwa akakitoa kisahani mkononi mwangu. Kidudu hakionekani, na ufundi wote huo! Kimefundishwa na nani? Nimefurahi kuliko ninavyopaswa.

Jumatano, 5 Machi
Swali linanisumbua kama kibanzi jinoni. Sindano wanaitoa lini? Hawawezi kuzunguka nayo bahari nzima, si ni kuchoka bure? Nikarudi maabara. Mpwa alikuwa na kazi, akanijibu bila kugeuka. Wakionja nyongo, wakahisi joto la mwili, wanajua wamefika tumboni. Hapo ndipo wanaunda sindano. Akaongeza mjomba, wewe wachemshe tu.

Hilo la mwisho lilipita sikio hili likatokea lile. Wakionja nyongo! Basi nitawaonjesha nyongo humohumo ndooni! Watadhani wamefika. Watachoma, watachoma, hakuna utumbo, sumu itawaishia. Ijumaa watakutwa mikono mitupu. Akili ni nywele, na zangu ni za kusuka!

Alhamisi, 6 Machi
Mwenye bucha kaniuliza nyongo ya mbuzi naitakia nini. Nikamwambia siri ya biashara. Kanipa bure, kisha akasogea nyuma kidogo.

Chaza ndooni, nyongo juu yao, maji vuguvugu, ndoo juani mchana kutwa. Mke wangu akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nikamwambia ni sayansi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kula kwa kaka yake.

Jioni nikajiuliza, nitajuaje kama sumu imewaishia? Mtafiti wa kweli hupima. Nikala sahani nzima, kwa ndimu. Wachungu. Lakini salama kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Si salama.

Bwana Afya kaja. Nimeongea naye kupitia mlango wa choo. Kachota chaza mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetoka hospitali. Walinitundikia maji. Mpwa kaniletea majibu uso umemshuka. Anasema tangu aajiriwe hajaona bakteria wengi namna ile. Chumvi na joto viliwafanya wazaane kila baada ya dakika chache. Na sumu yao haiishi, wanatengeneza nyingine. Nikamwuliza, lakini sindano walizitoa? Akaikunja karatasi ya majibu. Akakiri kwamba kwa nyongo ile, bila shaka walizitoa. Nilijua!

Banda limefungwa. Sufuria mwenyewe ndiye aliyeshusha kibao changu, taratibu, kisije kikavunjika. Hakucheka. Roho iliniuma sana. Bora angecheka.

Jumatano, 12 Machi
Sufuria kanipa kazi jikoni kwake. Mke wangu kasema nishukuru. Nimeshukuru, tena kwa moyo. Kazi yangu ni moja tu: chaza wachemke mpaka wafunguke, kisha waendelee kuchemka tena, ndipo niwaopoe.

Lakini wateja wananung'unika kuwa nyama ni ngumu. Nimesimama hapo nikiangalia maji yakitokota, nikawaza. Bakteria mwenye akili ya kutambua nyongo hawezi kukosa akili ya kuogopa. Akisikia mvuke tu, si ataitupa sindano mwenyewe? Kumchemsha mpaka mwisho ni kumwonea. Kesho Sufuria anakwenda sokoni. Nitawaopoa mapema, wangali laini. Akirudi, sahani ya kwanza ni yake, kwa shukrani.