Matangi ya Lyle Tackett

Lyle Tackett aliiona riziki yake Jumamosi asubuhi: bibi kizee kwenye kiti cha kukunja, mbele ya meza zilizojaa vikombe, taa na viatu vya marehemu mumewe. Mji wa Toledo, Marekani, ukipata joto, watu hutoa vya chumba cha chini ya nyumba wakavipanga uani kuuza. Mwenye kuuza viatu vya mumewe, Lyle alijiambia, hana mwanamume wa kumkagulia tangi.

Akaingiza gari hadi kwenye nyasi, akaacha milango ya nyuma wazi.

"Habari za asubuhi, mama! Tunakagua matangi ya hewa mtaa huu. Bure kabisa."

"Cha bure ndicho ghali, kijana," alisema Bi Irma Nagy. "Haya, shuka chumba cha chini."

Tangi lenyewe ni kile kidude kinachoning'inia juu ya hita. Maji yakipata moto hutanuka, na hewa iliyomo tangini huyapa nafasi yasije yakapasua mabomba. Mtu mwaminifu hufunga maji, hufungua bomba presha ishuke, ndipo hupima hewa na kuijaza hadi ilingane na presha ya maji ya nyumba. Lyle aliyajua yote hayo, na ndiyo maana alikuwa tapeli hodari. Yeye alibonyeza kipini cha valvu huku akiimba wimbo wa kanisani kufunika mlio wa hewa inayotoka. Ubeti wa pili Bi Irma akamwitikia.

"Sifuri, mama," alisema Lyle, akionyesha geji kwa huzuni. "Limekufa. Ukilala na hili, hita itakuamsha wewe na jirani."

Akaleta jingine "jipya", jeupe, linang'aa. Jipya! Alikuwa amelitoa nyumba ya tatu kutoka pale. Kila tangi zima aliloling'oa alilipaka rangi akamuuzia jirani, na wiki nzima mtaa ulikuwa umebadilishana matangi bila kujuana. Mapato yote yalikuwa kwenye kisanduku chake cha chakula, cha bluu, chini ya kiti cha dereva. Jioni hiyo angeondoka nacho kwenda Florida.

Bi Irma alilipapasa lile tangi. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, ikamganda kidoleni, na chini yake ukatokeza wino mweusi: STAN W. Wanaume wa mtaa ule hawafungi kitu chochote bila kukiandika jina na mwaka. Bi Irma hakukunja hata uso.

"Zuri. Ila lile la zamani lijaze hewa kwanza. Likishindwa kuishika, nanunua hili."

"Basi nilete mashine yangu ya hewa kutoka garini..."

"Mlio wake utanifukuzia wateja." Akapanda na lile jeupe, akarudi na pampu ya baiskeli kutoka mezani, bei imebandikwa. "Hadi sitini kwenye geji. Na ufunge maji kwanza, ufungue bomba. Marehemu Ferenc wangu alifanya hivyo."

Bi Irma akarudi juu, Lyle akapampu. Jasho likamtiririka hadi viatuni. Juu alisikia nyayo, vicheko, milango ya magari. Biashara imemchangamkia, maskini, akawaza, akamwonea huruma. Huruma ya tapeli ni adimu, tusiidharau.

Sindano ilipogusa sitini, alipanda juani. Gari lilikuwa tupu. Ngazi hakuna, mashine hakuna, matangi hakuna. Mzee Stan Wozniak alikuwa anavuka barabara, amekumbatia tangi lake kama mjukuu.

"Mama! Vitu vyangu!"

"Kilicho kwenye nyasi zangu siku ya kuuza kinauzwa, kijana. Kila mtu amenunua tangi lake, dola moja moja. Pesa zako hizi hapa, sijala hata senti. Kama una malalamiko, Stan ameshaita polisi. Utawaeleza uliyatoa wapi."

Lyle akarukia mlango wa dereva, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa, akapapasa tena.

"Cha bluu?" aliuliza Bi Irma. "Hicho nimekinunua mwenyewe, dola mbili. Sikutaka kukupunja. Majirani wako jikoni kwangu, wanagawana chakula chako."

Ving'ora vilianza kusikika mbali. Lyle akaruka garini, akawasha.

"We kijana!" Bi Irma alinyoosha kiganja dirishani. "Hiyo pampu uliyoishika ni dola nne."

Akalipa.