Mwalimu Kasema Kwangu ni Wanga Tupu

Jamani, leo hapa Kibiti sina pa kuuweka uso. Nimejiaibisha mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wakwe. Na yote sababu ya chipsi. Chipsi! Si dhahabu, si mume. (Mume yupo Bungu kwenye korosho zake. Mpaka mchana alikuwa hana habari.)

Nianze mwanzo, msije mkanihukumu upesi.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, anakaa kwetu tangu presha ilipompanda. Daktari kamwambia apunguze mafuta. Sasa mimi sifa yangu yote ilikuwa kwenye mafuta! Chipsi zangu za kukaanga ndizo zilizonifanya niitwe "mwanangu". Wake wa watoto wake wengine anawaita Mama Fulani, Mama Fulani. Mimi peke yangu ndiye "mwanangu". Neno hilo nimelipata kwa jasho, mbele ya karai la mafuta ya moto, na nimelitunza.

Ndipo akahamia jirani Mwalimu Neema. Anafundisha sayansi, kwao Njombe, huko viazi vinakolimwa. Mpole, mcheshi, na ana oveni ya umeme. (Mtu mwenye oveni akiwa mpole, mimi namtilia shaka.) Aliposikia habari ya presha, jana akaleta sahani ya chipsi za kuoka, kaifunika kawa vizuri. Bi Tatu akatafuna moja. Ikalia. Nyie, ikalia mpaka mimi niliyekuwa jikoni nikaisikia!

"Hizi ndizo chipsi," akasema. "Mafuta hamna, na zinalia."

Hizi ndizo. Kwa hiyo zangu miaka yote hiyo zilikuwa nini?

Haya, leo. Bi Asha, dada yake Bi Tatu, anakuja kutoka Utete kumjulia hali. Asubuhi nikaenda kupokea amri, nimeshajifunga kanga kiunoni.

"Mama, wageni niwapikie nini?"

"Wewe tupikie wali na samaki tu. Chipsi nimemwomba Mwalimu."

Nikajibu "Sawa, mama" kwa sauti nyororo. Moyoni nawaka. Kwa wivu hata chai sikuinywa. Nikasema haiwezekani. Oveni sina, moto ninao. Keki si tunaoka kwa sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko? Chipsi ni nani hata zisiokeke?

Nikamenya viazi, nikakata, nikavitumbukiza sufuriani vile vile bila kuviosha, nikashindilia, nikafunika, nikapalia mkaa juu. Nikasubiri kwa matumaini makubwa. Nilipofunua sikukuta chipsi. Nilikuta kitu kimoja kikubwa, kimelegea, kimeshikana, kinateleza. Bi Tatu akapita, akachungulia.

"Hiki kiporo cha lini?"

"Chipsi, mama."

"Za nani?"

"Zangu."

"Aa," akasema, akaendelea na safari yake ya msalani.

Bora angenitukana. Hiyo "aa" bado naisikia.

Sahani ya Mwalimu ilikuwa bado kwangu, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Nikaijaza chipsi zangu, zenye afadhali nikaziweka juu, nikampelekea mwenyewe. Nilitaka ajue kuwa hata sisi tunaoka. Akafunua, akatazama, akafunika tena.

"Umeoka mwenyewe, Mama Zuhura? Hongera."

Akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Nikarudi nyumbani, kukaa siwezi, kusimama siwezi. Nikatia wali jikoni. Kisha nikachukua ufagio, nikaenda kufagia uani, upande wa Mwalimu, chini ya dirisha la jiko lake. (Ndiyo, uani kwake. Uchafu una mipaka?) Nia yangu ilikuwa moja tu, niibe siri ya zile chipsi. Nikamkuta anaongea na dada yake kwenye simu. Nikainama, nikatega sikio. Cha kwanza kusikia ni jina langu.

"Kwa Mama Zuhura pale? Wanga tupu, dada! Nimejionea mwenyewe leo asubuhi."

Ufagio ukasimama.

"Namwonea huruma. Na mama mkwe wake wala hajui tatizo ni nini. Sasa mtu mzima yule utamwambiaje jambo kama hilo?" Akacheka kidogo. "Mimi? Mimi natoa wanga kwanza! Maji na chumvi. Mara tatu, mpaka kunakuwa safi kabisa."

Maji na chumvi! Watu wa pwani wenzangu, mnajua chumvi inamwagwa kwenye nyumba kwa ajili ya nani. Mwanamke huyu kaniita mwanga, mchawi wa usiku! Mimi! Mimi ninayesindikizwa chooni usiku kwa kuogopa giza! Na yeye nyumba yake keshaizindika, kanikinga nisimroge!

Niwaambie ukweli, maana mnanijua. Iliniuma, lakini pia nilifurahi. Eeh, nilifurahi. Nikasema leo nimempata. Nikiyamwaga haya mbele ya wageni, Bi Tatu atamtoa mbio na kawa lake, chipsi zitaisha, na "mwanangu" nitabaki mmoja. Nilirudi ndani nakaribia kuimba, hata ufagio nikausahau kule kule.

Wageni wakafika. Bi Asha kaja na mke wa mwanawe. Shikamoo, marahaba, habari za Utete, za huko nzuri. Mkeka ukatandikwa, wali ukapakuliwa, samaki akawekwa katikati. Mimi nimekaa natazama mlango tu.

"Hodi!"

Mwalimu huyo, sinia mikononi. Bi Tatu akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu!"

Mwanangu? Neno langu! Mbele yangu! Anapewa mtu wa juzi, kwa sababu ya viazi!

Bi Asha, ambaye hana subira ya chakula, akatia chipsi moja mdomoni. Kwaru!

"Yallah," akasema, "hii inalia!"

Hapo nikasimama.

"Msile! Kabla hamjala, Mwalimu awaambie wageni, hapa mwanga ni nani?"

Bi Asha akaacha kutafuna, chipsi ikabaki imetuna shavuni. Mkwe wake akaurudisha mkono polepole kutoka kwenye sinia.

"Mwanga?" Mwalimu akauliza.

"Usijifanye! Umesema kwa mdomo wako. Kwa Mama Zuhura wanga tupu! Umejionea mwenyewe! Na kwako umewatoa, kwa maji na chumvi!" Nikajipiga kifua. "Haya, nimemroga nani? Mtaje!"

"Astaghfirullah," Bi Tatu akashika kichwa. "Mwalimu, umeyasema haya?"

"Nimesema, mama."

Mnaona! Nikawageukia wageni, nikawapa ule uso wa mtu aliyeonewa. (Chozi moja nililitafuta, nikalipata.)

"Lakini ni wanga wa viazi," Mwalimu akamalizia.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akatoka mbio kwenda kwake, akarudi na beseni la maji. Chini kabisa kilikuwa kimetuama kitu cheupe.

"Mama Zuhura, wanga ni huu hapa. Viazi ukishavikata, unaviloweka kwenye maji ya chumvi, huu unatoka, unamwaga. Nimebadilisha maji mara tatu. Kisha unavikausha kwa kitambaa, unavipaka mafuta kidogo, unavipanga visigusane. Ukiuacha wanga ndani, chipsi zinashikana na kulegea. Zile za kwenye sahani asubuhi zilikuwa wanga tupu. Ndiyo nikawa namuuliza dada, nikwambieje usiudhike?"

Bi Asha akachovya kidole kwenye beseni, akakisugua na gumba.

"Si kanji hii? Ya kutilia kanzu?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Sasa mtu kagombana na kanji!" Na ile chipsi ya shavuni ikamruka, ikatua kwenye wali.

Walicheka. Nyie, walicheka. Mkwe wa Bi Asha alilala kabisa mkekani, na ndiyo kwanza tumejuana leo. Mimi nimesimama na chozi langu moja, sijui nilirudishe wapi. Na kinachoniuma zaidi, nilikuwa najua! Wanga, protini, vitamini. Shuleni nimeyaimba hayo mpaka mwalimu wetu akaomba tunyamaze. Ila leo masikio yangu yalijaa wivu, neno lingine lisingepita.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kukaa taratibu, nijifiche nyuma ya sinia la wali. Bi Tatu akafuta machozi ya kicheko, akanitazama.

"Hebu kwanza. Simu ya Mwalimu wewe umeisikia wapi?"

"Nilikuwa nafagia, mama."

"Unafagia wapi?"

Mwalimu, bila nia mbaya (au anayo, mimi sijui tena), akadakia, "Kumbe ule ufagio chini ya dirisha langu ni wako! Mimi nikajua wameusahau wapangaji wa zamani."

Mungu wangu. Kicheko kikaanza upya, awamu ya pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Bi Asha akaomba maji. Akaletewa, akashindwa kuyanywa, akasema hajafurahi hivi tangu harusi ya mwanawe.

Nikala. Ningefanya nini? Nilizila zile chipsi kwa hasira, huku nimeinama. Na zinalia, jamani. Kavu nje, laini ndani, chumvi imeingia. Nilitamani niikute hata moja mbovu, sikuikuta. Mwalimu kaniambia kesho niende na viazi vyangu, tuvioke pamoja kwenye oveni yake, eti amejifunza kuongea waziwazi. Nimekubali. Nitafanyaje, siri si nimeshaipata?

Sahani yangu ilipoisha, Bi Tatu akanisogezea sinia. Akanishika bega kwa upole, kama zamani. Moyo ukanitulia, nikajua sasa ananirudishia neno langu.

"Ongeza, mwanga wangu," akasema.

Sasa hivi hapa nyumbani ndilo jina. Mwanga wangu lete maji. Mwanga wangu, dawa zangu za presha ziko wapi? Bi Asha keshaondoka nalo kwenda Utete. Na mume wangu, yule asiye na habari, kanitumia ujumbe kutoka Bungu: "Nasikia nimeoa mwanga, nirudi au nilale huku?"

Nawaomba msicheke. Na asiyeweza kujizuia acheke kwa sauti ya chini, maana ufagio wangu nimeshaurudisha, na madirisha yenu nayajua.