Jinsi Onchiri wa Keroka Alivyomvusha Mama Mkwe Barabara

Sogeeni, enyi watu wa Keroka, na ninyi wa Keumbu mnaouza ndizi kando ya lami, na ninyi wa Mosocho ambao habari haijawahi kuwapita. Tueni mizigo, zimeni redio, mwambieni mteja asubiri, kwa maana vita ninavyowaletea havijapata kupiganwa tangu milima ya Gusii ilipoinuliwa kutoka ardhini. Namtangaza Onchiri mwana wa Ogari, Simba wa Misumari, Ngao ya Mabati, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shujaa ambaye ulimi wake ulitangulia kuzaliwa na mwili ukafuata siku ya pili. Nawe Mola, uliyewagawia wachache busara na wengi sauti, nipe subira niimalize habari hii bila kutema mate, kwani nimeisikia kinywani mwake mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Alikuwako huko Nyamira mama mmoja, Tryphosa, mjane wa Nyasani, mkulima wa chai, naye ndiye aliyemzaa mke wa Onchiri. Marehemu Nyasani alikuwa bawabu jijini Nairobi kwa miaka mingi, na kila alipokuja likizo alimsimulia mkewe juu ya jengo moja refu ambalo mgeni huruhusiwa kulipanda hadi paani, akaliona jiji lote limelala chini yake. "Nitakupandisha siku moja," alisema kila Desemba, na kila Januari akaondoka peke yake, hata ikafika siku akaondoka kwa safari isiyo na likizo. Basi mwaka huu, bonasi ya majani chai ilipoingia, Tryphosa aliwakusanya wanawe na wakwe zake akawaambia neno fupi.

"Nataka kupanda pale aliposema Nyasani. Siku mbili zinanitosha, kisha nirudi kwa ng'ombe wangu."

Hapo ndipo Onchiri aliposimama, akaivuta suruali juu ya kitambi, akanena kama mtu anayefungua bunge: "Enyi jamaa wa mke wangu! Nani hapa anayeijua Nairobi kama ninavyoijua mimi? Nimelala humo wiki nzima! Nimekula humo, nimepotea humo, na nikajirudisha mwenyewe! Mwacheni mama mikononi mwangu, nami nitampitisha katikati ya jiji lile kama uzi upitavyo tunduni mwa sindano!" Watu wakapiga makofi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kwenda.

Sasa, kila Mgusii anayenisikiliza ameshaliona shimo. Mikononi mwangu, alisema, ilhali mikono hiyo ndiyo hasa iliyokatazwa! Maana kati ya mwanamume na mama mkwe wake kuna ensoni, ile heshima yenye haya inayowazuia wawili hao kuketi kiti kimoja, kula wakitazamana, au kugusana hata kwa kidole. Mashambani kwetu sheria hii haimsumbui mtu, kwani njia ni nyembamba na kila mmoja hutembea nyuma ya mwenzake. Lakini kumwongoza mama mkwe ndani ya Nairobi bila kumkaribia ni kuchunga ng'ombe kwa simu.

Waliondoka Keroka alfajiri, Onchiri kiti cha mbele kabisa na mama kiti cha nyuma kabisa, wakaingia jijini adhuhuri. Shujaa akavaa miwani ya jua, akakamata simu yenye ramani kama mkuki, akaanza kukata mitaa kwa mbali mbele, naye Tryphosa akamfuata kwa kuitazama kofia yake tu. Mshale wa ramani ulipogeuka, Onchiri aligeuka. Ulipozunguka, naye alizunguka. Mchana ule wote wakalipita duka moja la viatu mara nyingi hata mwuzaji akaanza kumwamkia mama kama jirani. Kumwuliza mtu njia? Hata! Alisema shujaa haulizi njia.

"Omoko," Tryphosa aliita kutoka nyuma, yaani mkwe, "jengo lenyewe si lile pale linaloonekana?"

"Lile, Mama," alijibu bila kugeuka, "limewekwa pale kuwapoteza wageni!"

Wakalala katika nyumba mbili tofauti za wageni, mama akiwa na miguu iliyovimba, shujaa akikoroma usingizi wa washindi. Nami nasema wazi, kama ningekuwa mimi nimevimbishwa miguu hivyo, ningemtafuta dereva wa teksi na kumwacha Onchiri akizunguka na mshale wake.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ya mwisho, kwa maana basi la kurudi lilikuwa la jioni, na walinzi wa jengo hawampandishi mgeni jioni ikikaribia. Alasiri ilikuwa imeanza kuinama walipofika mbele ya adui. Kule ng'ambo lilisimama jengo la Nyasani, refu, wazi, mlango wake ukionekana. Na kati yao na mlango ule ililala barabara, pana kama shamba la mtu tajiri, na juu yake magari yakija kwa majeshi, mabasi yenye rangi za vita, pikipiki zikipenya kama mishale, honi zikipigwa kama tarumbeta, wala hakuna hata dereva mmoja aliyepunguza mwendo kwa ajili ya mzee au mgonjwa.

Onchiri akakaza mkanda. Akanguruma, "Nifuate, Mama!" kisha akajitosa, akakimbia, akaruka, akapigiwa kelele na dereva, akafika ng'ambo, akainua mikono yote miwili juu kama aliyeteka ngome. Alipogeuka apokee sifa, mama alikuwa bado upande ule mwingine, amesimama na mwavuli wake mweusi, akimtazama jinsi unavyomtazama kuku aliyepanda mezani.

Ikambidi shujaa arudi. Katika shambulio la pili alimtanguliza mama, naye akabaki nyuma kwa umbali wa heshima, akipiga amri: "Songa, Mama! Rudi, Mama! Songa!" Mama akasonga, akarudi, basi likapita puani pake, skafu ikampeperuka kichwani, naye akarudi ukingoni akihema, mkono kifuani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alilitazama jengo lile kwa namna ambayo hata Onchiri, asiyeona kitu kisichokuwa na kioo, aliiona.

"Nyasani aliniambia jiji lina watu wabaya," Tryphosa alisema polepole. "Hakuniambia kwamba nitakufa nikilitazama jengo lake tu."

Palikuwa na msichana amekaa ukingoni akiuza soksi, jina lake Cynthia, na kwa kuwa maneno haya yalisemwa kwa Ekegusii, aliyasikia yote. "Mzee," akasema, "si umshike tu mkono mvuke? Huku kila mtu hushika mtu."

Onchiri akamgeukia kwa ghadhabu kuu. "Ewe binti wa soksi! Unajua unayemwambia amshike nani? Huyu ni mama mkwe! Nimshike mkono mbele ya Nairobi nzima, nikisharudi nyumbani nitazame watu kwa macho gani? Heri magari yanikanyage nife na heshima yangu!"

"Najua ni mathe wa bibi yako, hata mimi ni wa Mosocho," Cynthia akamjibu. "Lakini dereva wa basi hajui ensoni, mzee. Na pale juu wanafunga saa si nyingi."

Hapo shujaa akanyamaza, na nawaapia kimya kile ndicho kitu cha maana alichokifanya siku zote mbili. Aliutazama mkono wake, akautazama mkono wa mama, akautia wake mfukoni kama mwizi aliyebambwa. Hofu yake ilikuwa ya kweli, hilo simnyimi. Mtu aweza kuwa mpumbavu na bado akawaheshimu wazazi wa mkewe.

Ndipo Tryphosa aliponyoosha mwavuli wake. Alishika ncha, akamwelekezea Onchiri mpini, akasema, "Shika hapa. Mwavuli hauna wakwe."

Akashika! Enyi mlio hai, akashika! Na hao wakaingia vitani, mwavuli umenyooka kati yao kama nira kati ya ng'ombe wawili wasiopatana, Onchiri akitazama kulia wakati magari yakitoka kushoto, Tryphosa akimvuta, akimsimamisha, akimvuta tena, honi zikilia, dereva mmoja akitoa kichwa dirishani kuuliza kama wanapima barabara. Shujaa alifumba macho katikati ya safari. Nimeambiwa na aliyekuwa ameshika ncha ile ya pili. Alipoyafumbua, kiatu chake kilikuwa juu ya ukingo wa ng'ambo. Akapiga ukelele uliowatisha njiwa.

"Nimemvusha!" aliwatangazia wapita njia. "Mimi mwana wa Ogari nimemvusha!" Cynthia naye akapiga makofi kutoka upande ule mwingine, akawaonyesha kwa kidole taa za kuvukia zilizokuwa karibu sana pale, ambazo hakuna aliyekuwa amemwuliza habari zake. Onchiri akadhani anampungia, naye akampungia.

Wakapanda. Shujaa alipanda kwa lifti ya kwanza, na mama akangoja lifti iliyofuata, kwa ajili ya ile heshima. Walipokutana paani upepo ulikuwa mkali, na jiji lote lilikuwa pale chini, mapaa, minara, magari madogo kama punje za maharagwe, vile vile alivyosema Nyasani kila Desemba. Tryphosa alisogea hadi kwenye ukuta, kisha akauliza: "Nyumbani ni upande gani?"

Onchiri hajawahi kukosa jibu. Akanyoosha mkono kwa fahari, akauelekeza mashariki, huko ambako ukienda sana utafika baharini. "Kule, Mama! Pale penye ule mlima mdogo, nyuma yake tu, ndipo Nyamira!" Kisha akamgeukia mlinzi wa paani na kuanza kumhadithia vita vya barabarani.

Walikuja Nairobi asubuhi jua likiwachoma usoni safari nzima, na mtu anayechuma chai tangu utotoni hahitaji ramani kwa jambo kama hilo. Tryphosa aliutazama upande wa mashariki kidogo, ili mkwe wake asiaibike. Mlinzi alipokwisha kutekwa na hadithi, mama akageuka taratibu, akalielekea jua lililokuwa likishuka, akasimama hapo machozi yakimtoka bila sauti.

"Nimepanda, Nyasani," alisema.

"Mama, umeiona Nyamira?" Onchiri akauliza kutoka kwa mlinzi.

"Nimeiona, mwanangu. Umenileta."

Basi na iandikwe, na wajukuu waisome, na Keroka nzima iinamishe vichwa: Onchiri mwana wa Ogari alivuka barabara, na mama mkwe wake akafika.