Amplifaya Kwenye Kumuse ya Baba Mkwe

Jumanne, 11 Agosti 1987. Kitale.

Baba mkwe ametutoka. Habari imeletwa asubuhi na Zachary, aliyemwoa Jentrix, dada ya mke wangu Lenah. Zachary anafanya kazi kiwanda cha karatasi kule Webuye na hakosi kukitaja. Alikuja na pikapu ya kuazima na uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Lenah amelia mpaka sauti imemkauka. Mimi pia nimelia. Mzee alikuwa mtu wa haki. Alinipa binti yake akijua vizuri mimi ni nani.

Zaidi ya msiba kuna jambo. Mama mkwe masikio yamemfia tangu mwaka jana. Asiyemkaribia hasikiki. Na baba mkwe atafanyiwa kumuse. Naandika haya kwa faida ya vizazi: mzee wa heshima akishazikwa, sisi Wabukusu humwita msemaji maalumu. Hutembea huku na huku uwanjani akisimulia ukoo, akimtaja marehemu, akiwafariji walio hai. Husema peke yake. Hakuna kusimama, hakuna kupita, hakuna kumkatiza. Akina mama hukaa mbali, upande wa nyumba.

Mama mkwe amemwambia Jentrix: "Watasema mzee wangu, na mimi nitaona midomo tu."

Maneno hayo yalinichoma. Zachary akasema asiwe na wasiwasi, ataleta amplifaya ya kanisa lao. Ya transista! Sauti ya nzi ndani ya chupa! Nikajisikia nikitangaza kwamba mama atasikia kila neno, na atalisikia kwa amplifaya yangu. Lenah aliacha kulia akanitazama.

Jumatano, 12 Agosti.

Nimeifungua. Niliipata kwenye mnada wa mzungu mmoja wa Endebess aliyekuwa anahama. Ni ya valvu, zile taa ndogo za kioo zinazowaka ndani na kuikuza sauti. Haikuwa ya hali ya juu hata ilipokuwa mpya. Tangu niilete haijatoa kitu ila mngurumo. Lenah huiita jiko, na hukaushia soksi za watoto juu yake. Nimevumilia mengi katika ndoa hii.

Uchunguzi: valvu moja haiwaki. Ni giza kabisa. Nikatafakari. Redio yetu ya sebuleni nayo ni ya zamani, ina valvu zake. Nikang'oa moja. Maandishi juu yake ni tofauti, lakini miguu ni tisa na matundu ni tisa. Mwenyezi Mungu angetaka kunionyesha nini zaidi?

Ikawaka! Fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika. Hapo nikaelewa kwamba ugonjwa uko kwenye fyuzi zenyewe, ni dhaifu mno. Nimezungushia ya mwisho karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Sasa haikatiki. Nimelala kidogo mchana kwa kuridhika.

Alhamisi, 13 Agosti.

Siku mbaya. Saa ya matangazo ya vifo Lenah alifungua redio asikie jina la baba yake likisomwa. Redio kimya. Akaipiga, akachomoa waya akauchomeka tena, kimya. Nikasema huenda ni mvua. Akatoka mbio akaruka ua hadi kwa jirani yetu Kipsang. Alipofika walikuwa wanamalizia. Alisikia tu, "wakwe zake ni Zachary wa Webuye na wengine."

Na wengine!

Nilikuwa bado nalalamikia hilo alipofungua mgongo wa redio akaona tundu tupu. Hakupiga kelele. Alisema baba yake ametangazwa mara moja tu duniani, na wakati huo yeye alikuwa juu ya ua wa Kipsang. Akaenda kumenya viazi. Nimeona haya. Haya ya kweli, ya kukosa pa kuweka mikono.

Kwa hiyo nikarudi kwenye amplifaya, maana sasa lazima ifanye kazi. Nilizima, nikachomoa waya ukutani kama mtu mwenye akili, nikaingiza bisibisi. Kumbe ndani mna vikopo vinavyoweka akiba ya stima hata baada ya kuzima! Nilijikuta nimeketi kwenye karai la maharagwe yaliyolowekwa. Lenah alichungulia kutoka jikoni, akauliza kama nimemaliza na karai.

Ijumaa, 14 Agosti.

IMESEMA! Niliipiga kofi kwa hasira, upande wa kushoto, karibu na transfoma. Mngurumo ukapungua. Nikasema "halo" kwenye maiki na kuku wote wa Kipsang wakapanda paa. Baada ya muda ikanyamaza. Nikapiga tena. Ikasema tena. Bila shaka kuna waya uliolegea mahali fulani. Mtu mwingine angeutafuta na kuuchomelea upya kwa risasi ya kuyeyusha. Lakini mazishi ni kesho, na tiba ninayo mkononi.

Maiki inatekenya stima kidogo ukiishika. Nimeivika soksi.

Nyumbani kwa mama mkwe hakuna stima, kwa hiyo Kipsang ameniazima jenereta. Alisikiliza mashine yangu kwa makini, mikono nyuma, halafu akasema pole. Nikamshukuru kwa kutukumbuka kwenye msiba. Akasema hapana, hiyo ya msiba alishatupatia jana.

Jumamosi, 15 Agosti. Kibabii, Bungoma.

Tumemzika baba. Watu walijaa mpaka kwenye mahindi ya jirani. Pasta alitumia transista ya Zachary, kwa kuwa wazee walisema jenereta isiwashwe karibu na kaburi. Katikati ya sala betri zikaisha. Pasta akabaki anafungua na kufunga mdomo.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Kisha udongo ukaanza kugonga jeneza, Lenah akanishika mkono kwa nguvu, na furaha ikanitoka yote.

Mkwe hamkaribii mama mkwe wake, kwa hiyo nilimwona kwa mbali, na kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa kitini akitazama midomo ya pasta. Baadaye alimuuliza Jentrix kama sala ilikuwa ndefu. Jentrix akamwambia ilikuwa nzuri.

Lenah amenijia nyuma ya jikoni. Ameniuliza kwa upole kama kweli jiko langu litasema Jumanne kwenye kumuse. "Baba Naliaka, kama ni mchezo niambie sasa." Nimemwambia si mchezo. Sijawahi kusema neno kwa dhati hivyo tangu siku ya harusi.

Jumanne, 18 Agosti. Kibabii.

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilifunga spika juu ya mparachichi, mdomo wake ukielekea kiti cha mama. Jenereta nikaiweka nyuma ya ghala. Msemaji, Mzee Wakonyo, akafika amevaa kofia yake ya heshima na fimbo mkononi. Nikampelekea maiki kwa mikono miwili. Akaitazama soksi. Akautazama waya, akaufuata kwa macho hadi kwenye mashine. Wazee wakamjibia: "Kumuse haifungwangi kamba. Huyu si mbuzi." Zachary akacheka ndani ya kofia yake. Basi nikaifunga maiki kwenye kigingi katikati ya uwanja. Akipita karibu, itamdaka.

Mzee akaanza. Uwanja ukatulia kabisa. Alipopita kigingini sauti yake ilitoka juu ya mparachichi, nene, nzuri, na nikamwona mama mkwe akiinua uso. Alisikia! Naapa alisikia! Lenah alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale.

Kisha ikanyamaza.

Ilihitaji kofi. Kofi moja tu! Lakini mashine iko chini ya mti, mimi niko kati ya wakwe, na mzee akiwa kwenye kumuse hakuna anayesimama. Mama akainamisha uso tena. Mngurumo ukaanza kupanda polepole. Watu wakaanza kuangaliana. Nikafikiri: hakuna kusimama. Lakini hakuna aliyesema kuhusu kutambaa.

Nilikwenda kwa makalio. Suti yangu pekee. Nilipita mbele ya wajomba, nilipita mbele ya Zachary, mzee akiwa amenipa mgongo. Nikafika. Nikapiga.

Ililia kama nguruwe anayekamatwa. Ilitoa mwali wa moto, ikatoa moshi, karatasi ya sigara ikayeyuka, na, mama yangu wee, ile valvu ya redio ikapasuka! Mzee Wakonyo akasimama. Kumuse imekatizwa. Wazee wawili wakafunika nyuso. Nami nimeketi chini, mkono bado hewani.

Mzee akauliza kitu hiki kililetewa nani. Sikuweza kumtaja mama mkwe mbele ya watu. Akajibu Lenah, kutoka kwa akina mama: "Ni ya mama. Hasikii. Alitaka tu kusikia vile mnasema baba."

Mzee aligeuka akamtazama mama pale kitini. Kisha akaagiza jenereta izimwe. Akavuka uwanja mzima hadi upande wa nyumba, mahali ambapo wasemaji hawafiki, akasimama mbele ya kiti cha mama. Akaanza upya kutoka mwanzo wa ukoo. Akawa anatembea pale pale mbele yake, akigeuka kila hatua chache, akimrudia. Mama aliweka kiganja nyuma ya sikio. Jina la baba lilipofika aliitikia kwa kichwa, na midomo yake ikalitaja pamoja na mzee.

Kwenye kumuse kulia hakuruhusiwi. Nililia mimi, pale chini, karibu na moshi.

Jumatano, 19 Agosti. Kitale.

Tumerudi. Wazee wamesema sitaleta tena chochote chenye waya kwenye boma lile, na nitapeleka kondoo wa kuutakasa uwanja. Zachary ameshasimulia kutambaa kwangu hadi Webuye. Ameongeza hatua nyingine ambazo sikuzipiga.

Lakini mama mkwe ametuma maneno kupitia kwa Lenah. Amesema amesikia yote. Amesema nishukuriwe, kwa sababu nisingeleta kile kitu, mzee angesemea kule kwa wanaume.

Nimetafakari hayo tangu tulipofika. Lengo lilikuwa mama asikie. Mama amesikia. Kwa hiyo amplifaya ilifanya kazi! Kasoro ni moja tu: ilikuwa mbali naye mno. Nimekagua mabaki, na kuna valvu moja nzima. Ikifungwa kwenye kofia ya chuma, betri ya pikipiki kiunoni na spika ndogo sikioni, mama atasikia hadi mazungumzo ya watu wa Kapsokwony. Joto lake halitamsumbua, kule Kibabii asubuhi kuna baridi.

Mkwe hawezi kumpima mama mkwe kichwa, kwa hiyo nimempa Lenah uzi na kumweleza mpango. Amenitazama sana. Amekwenda kulala, ameondoka na uzi.

Si kitu. Nimekadiria kwa sufuria ndogo.